UZI: Mvua na ngurumo zinakuja Lamu na Malindi wiki hii, wenye safari za maji pitieni hapa kwanza

NahodhaMkanda (mleta uzi)

Assalam aleikum wadau, wa Amu (Lamu), wa Malindi, wa Pate mpaka wa Kiwayu, natumai wote wazima. Nafungua huu uzi mapema kwa sababu tangu jana watu wanatumiana picha za mawingu kwa WhatsApp na maneno "mvua kubwa yaja jihadharini", basi imeishia hapo, hakuna anaesema yaja wapi, yaja saa ngapi, na mtu mwenye safari ya kwenda Mtangawanda (gati ya kisiwa cha Pate) na watoto afanye nini.

Hali yenyewe iko hivi. Kaskazi ishakatika na kusi haijashika, tuko tanga mbili, upepo haueleweki. Asubuhi bahari shwari hata bendera ya boti haitikisiki, mchana unavuma kidogo kutoka mashariki, jioni unageuka. Joto la usiku mnalijua wenyewe, hata ukilala juu darini jasho linakutoka. Huu ndio wakati ule ukanda wa mvua unaofuata jua unapita juu yetu, jua lavuka ikweta tarehe 20 au 21 Machi na mvua inalifuata kwa nyuma wiki kadhaa, ndio maana masika ya huku Pwani haishiki sana Machi, inashika Aprili na kilele chake ni Mei wakati wenzetu wa bara wanaanza kuanua. Taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa ya wiki hii kwa ukanda wetu inasema manyunyu asubuhi sehemu chache, halafu kuanzia katikati ya wiki mvua na ngurumo sehemu kadhaa, zaidi alasiri na usiku.

Sasa langu kubwa ni moja na naomba mlishike. Kwa sisi wa baharini si mvua inayozamisha boti, ni upepo unaoitangulia mvua. Wingu la radi linapanda juu sana, kwa nchi zetu hizi za joto linafika hata kilomita 15 kwenda juu, na mvua ikianza kushuka ndani yake inashuka na hewa ya baridi, ile hewa ikigonga chini haina pa kwenda inatawanyika pande zote kwa nguvu. Ndio ile baridi ya ghafla inayokupiga usoni ukiwa umesimama gatini na jua bado linawaka. Inaweza kukufikia dakika 10 hata 20 kabla ya tone la kwanza, na wingu lenyewe bado unaliona kule bara upande wa mji wa Hindi. Abiria atakwambia "nahodha twende tu, mvua bado iko mbali", na ni kweli mvua iko mbali, upepo ndio ushafika.

Dalili zake ukiwa majini: angalia maji sio wingu. Utaona mstari mweusi juu ya maji unakimbia kuja kwako, nyuma yake maji yamechafuka na mbele yake bado shwari. Ukiuona uko ndani ya Mkanda (ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara), baki Mkanda, mikoko inakukinga pande zote mbili, tia nanga au funga boti subiri. Usitoke mdomoni kwenda kwenye ghuba ya Manda maana kutoka pale mpaka Mtangawanda ni wazi hakuna pa kujificha. Na wale wa Kipungani, wiki hii piteni ndani kwa Matondoni, msizunguke nje kwa upande wa Shela hata kama yaonekana shwari.

Idara huwa wanatoa tahadhari upepo ukitarajiwa kupita noti 25, hio ni kama kilomita 46 kwa saa. Lakini hio tahadhari ni ya upepo wa msimu unaovuma eneo kubwa siku nzima. Huu wa wingu la radi unaweza kupita hapo kwa robo saa kisha ukanyamaza, na tahadhari hujaiona popote. Karibuni tujadili, mwenye swali aulize, na wa Malindi tuambieni kwenu kukoje.

BiMkubwaLangoni

Waaleikum salaam mwanangu, ahsante sana kwa kutukumbuka. Mimi nina swali moja, hao wakisema mvua "sehemu chache" manake si tuko salama? Maana watoto wangu wawili wanasoma Mokowe wanavuka kila siku asubuhi na jioni, na mimi nikisikia chache huwa moyo unatulia.

NahodhaMkanda

Shikamoo bi mkubwa. La, sivyo, na nimefurahi umeuliza kwa sababu wengi wanaielewa hivyo. Idara wana vipimo vyao, sehemu chache ni chini ya asilimia 33 ya eneo lote walilolitaja, sehemu kadhaa ni kati ya 33 na 66, sehemu nyingi ni zaidi ya 66. Ni hesabu ya ukubwa wa eneo litakalonyeshewa, haisemi chochote kuhusu nguvu ya mvua. Na eneo lenyewe kwa taarifa ya Pwani ni kutoka Kwale mpaka Kiunga, yaani inaweza kunyesha Faza peke yake ikapiga vibaya, Amu mjini hamna hata tone, na taarifa ikawa sahihi kabisa. Wingu moja la radi upana wake ni kilomita chache tu, lakini ukiwa chini yake kwako wewe ni asilimia mia.

Kwa watoto, asubuhi wiki hii si mbaya, manyunyu yatakuwepo lakini hayo ni ya baharini hayana radi sana. Jioni ndio uangalie. Ongea na nahodha wao, watoke shule moja kwa moja mpaka gatini wasizubae, na jaketi za kuokolea wavae zikiwa zimefungwa sio kukalia. Hio ya kukalia naiona kila siku na inaniumiza roho, mtu kapewa jaketi kaifanya mto, boti ikipinduka hataweza kuivaa ndani ya maji na mawimbi.

Kijana_wa_Maweni

Niaje kapteni, mimi niko Malindi nafanya kazi ya boti za watalii. Swali langu kwa nini huku Malindi mara nyingi tunaona umeme unapiga usiku kucha upande wa bara kule Langobaya lakini hautufikii, halafu siku nyingine tu ghafla unakuja? Nataka nijue ile ya kunihusu ni ipi.

NahodhaMkanda

Swali zuri sana kaka. Mchana bara linapata joto kuliko bahari, upepo wa baharini unaingia ndani kilomita kadhaa mpaka unakutana na hewa ya bara, hapo kwenye makutano hewa inasukumwa juu na mawingu yanazaliwa. Ndio maana unayaona yanasimama alasiri kwenye mstari ule ule nyuma ya mji, huku kwetu yanasimama juu ya Witu na msitu wa Boni. Siku nyingi pepo za juu zinayasukuma ndani zaidi, unaona umeme tu usiku na sauti husikii kwa sababu ngurumo haisikiki mbali sana, ikizidi kama kilomita 15 au 20 inapotea, lakini mwanga usiku unaonekana hata kilomita mia. Sasa kipindi hiki cha tanga mbili pepo za juu nazo ni dhaifu, wingu linaweza kukaa palepale au likarudi pwani. Usiku mambo yanageuka, bara linapoa, umande (upepo wa kutoka bara) unavuma kwenda baharini na mawingu yanasimama juu ya maji, hayo ndio yanatupiga alfajiri wakati wavuvi wako nje.

Kujua ya kukuhusu, hesabu. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ni kilomita. Ukipata sekunde 30 liko kilomita 10 na hapo ushaingia kwenye hatari, radi inaweza kupiga umbali huo pasipo na mvua kabisa. Halafu rudia baada ya dakika tano, hesabu ikipungua linakuja kwako. Ukishajificha usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, watu wengi wanapigwa wakati wanadhani imekwisha.

MtotoWaMambrui

Mimi naomba niseme la mto, maana mnaongea bahari tu na sisi huku kinachotumaliza ni Sabaki. Wadau wa Malindi na Magarini tafadhali msiangalie wingu la Malindi mkasema mto uko sawa. Maji ya Sabaki sio ya hapa, yanaanzia kule nyanda za juu za Nairobi kwenye Athi, yanateremka Tsavo yakiitwa Galana, safari yote kama kilomita 390 mpaka kumwaga baharini hapa kati ya Malindi na Mambrui. Kwa hio ikinyesha Nairobi na Machakos leo, huku jua kali, watu wanachota mchanga na kulima ukingoni, siku chache baadaye mto unapanda usiku watu wamelala. Ukitaka kujua wiki ijayo mtoni kutakuwaje soma taarifa ya mvua ya Nairobi na Machakos ya wiki hii, ndio ya kwako hio.

Mimi nimezaliwa karibu na lile daraja na dalili ya kwanza sio maji kuwa mengi, ni rangi na takataka. Maji yanakuwa mekundu mazito kuliko kawaida, halafu povu, halafu magugu na vijiti vinapita katikati ya mto kwa kasi huku pembeni bado kumetulia. Ukiona vigogo toa mbuzi na pampu hapo hapo, usingoje kesho. Baba yangu pampu ya kunyunyizia mihogo na bamia huwa anaifunga kamba ndefu na anaiweka kwenye mkokoteni, dakika chache iko juu. Wengi wanazijengea kwa saruji kabisa ukingoni, mafuriko ya vuli 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yakaondoka nazo. Na bahari ya Malindi nayo mtaona inakuwa nyekundu mpaka Silversands, hio ni tope la Sabaki.

Kijana_wa_Maweni

Hii ya tope nashuhudia, wateja wanauliza kwa nini maji machafu kumbe ni mto. Na maji ya mfereji pia huwa yanasumbua wakati huo, pampu za Baricho si ziko hapo hapo kando ya Sabaki. Watu wa Malindi jazeni madumu sasa hivi.

DerevaMatatuGarsen

Naongeza la barabara. Watu wa Lamu mnaosafiri na basi, hadithi ya Sabaki ndio hio hio ya Tana, maji yanatoka Mlima Kenya na Nyandarua na mabwawa ya Masinga na Kiambere yakijaa yanamwagika kuja huku. 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika pale Gamba na Lango la Simba, magari yakalala, watu wakavushwa kwa boti kwenye barabara ya lami. Na Aprili 2024 kule juu Kona Punda boti ilipinduka na watu wakafariki wakivuka mafuriko. Kwa hio mkisikia Masinga imejaa, mwenye mgonjwa wa kwenda hospitali Mombasa au Malindi amtoe mapema. Mimi nikifika mahali maji yamepita juu ya lami sivuki hata abiria wanipigie kelele, huwezi jua chini ya yale maji barabara bado ipo au ishaondoka.

Mkulima_Hindi

Hongera kwa uzi kapteni. Sisi wakulima huku Hindi na Mpeketoni swali letu ni moja tu, tupande au tusipande? Jana ilipiga mvua moja ya nguvu na ngurumo, nusu saa mashamba yakawa maziwa, leo jirani zangu wote wameingia na mahindi.

ShambaNiMali

Mimi niko Mpeketoni ndugu yangu, ungeniuliza mimi ningekwambia subiri kidogo. Mvua ya wingu la radi kama ile ya jana sio masika, hio ni ya sehemu, inakupa maji mengi kwa nusu saa na nusu yake inakimbilia mtaroni, halafu inaweza kukaa siku kumi isirudi. Mbegu inaota, jua linaipiga, unarudi dukani kununua mbegu tena na pesa ishaisha. Masika yenyewe utaijua kwa sababu inakuja na kusi, inanyesha siku mbili tatu mfululizo, zaidi alfajiri na asubuhi, haina makelele mengi. Chukua jembe chimba, udongo ukiwa umeloa mpaka kina cha kiganja na vidole vyote hapo weka mbegu. Kama wa juu umeloa na chini ni vumbi, acha. Waliopanda kavu mapema hao wana hesabu yao, mbegu inangoja ardhini, lakini usipande kwa mvua moja ya radi.

Na wale wenye ng'ombe, msiwaache chini ya miembe mikubwa alasiri hizi. Radi ikipiga mti inapita ardhini, ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali kwa mbali, umeme unaingia huku unatokea kule unapitia moyoni. Ndio maana mti mmoja unaweza kuua ng'ombe wengi kwa pigo moja na mchungaji akapona.

FazaYetu

Kwetu Faza na Kizingitini na Mbwajumwali mvua ni rehema jamani, tusiiogope tu. Jabia zetu (matangi ya kukusanyia maji ya mvua) ziko tupu, bandari nzima watu wananunua maji kwa madumu. Nataka kuwakumbusha wenzangu, fagieni sakafu ya jabia leo kabla haijanyesha, mkingoja mawingu mtachelewa, kinyesi cha mbuzi na majani vyote vitaingia ndani. Na mvua ya kwanza iacheni ipite nje, ioshe, fungueni ya pili.

Hesabu ni rahisi, milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa la bati la mita 10 kwa 8 ni mita 80, mvua ikinyesha milimita 25 hapo ni lita 2,000. Toa inayorukia nje na kuvuja, bado una zaidi ya lita 1,500 kwa mvua ya usiku mmoja. Sasa mtu ana bati zuri na hana mfereji wa paa, maji yote yanamwagika kichochoroni, kesho anamtuma mtoto na punda akatafute maji. Mfereji wa paa ununuliwe wiki hii, hata kama ni wa upande mmoja tu wa nyumba.

FundiStima_Malindi

Mimi fundi wa umeme, naona kila msimu nyumba zile zile. Radi haihitaji kupiga nyumba yako, ikipiga waya mbali huko nguvu yake inakuja na waya mpaka kwenye friji. Ukisikia ngurumo ya kwanza chomoa, friji, tivi, chaja, ruta, na waya wa antena nao uchomoe kwenye tivi maana watu wanachomoa stima wanasahau antena. Kuzima kwa swichi ukutani haitoshi. Chomoa kabla haijafika, ikishafika juu yako usiende kushika plagi.

Na muangalie ile waya ya ardhi ya nyumba, ile inayotoka kwenye mita inaingia ardhini na fimbo ya shaba. Nyumba nyingi nikienda nakuta imekatwa, watu wameuza shaba kwa chuma chakavu au imeliwa na chumvi. Bila hio umeme hauna pa kwenda isipokuwa kwenye vitu vyako na kwako wewe mwenyewe. Na kibanda cha makuti si mahali pa kujikinga na radi, kinakukinga na mvua tu, na ikipigwa inashika moto. Nyumba ya mawe au gari lililofungwa vioo ndio salama.

Mwanaidi_Shela

Naomba msinicheke, bibi yangu mvua ikianza anafunika vioo vyote na kutukataza kushika simu kwa kuwa eti vinavuta radi. Ni kweli?

MuuguziPwani

Hakuna wa kukucheka dada yangu. Kioo hakivuti radi, na simu ya mkononi haivuti, ni ndogo na haijaunganishwa na kitu. Hatari ni simu iliyoko kwenye chaji, hapo umeshika waya wa stima. Lakini bibi anapowaita wote ndani na kuwakalisha mbali na madirisha hilo ni jambo zuri, muendelee kumsikiliza.

Mimi nataka niseme kitu ambacho kinaweza kuokoa mtu wiki hii hii. Mtu akipigwa na radi mwili wake haubaki na umeme, mguse bila hofu. Watu wanasimama mbali wanaogopa kumshika, na yule moyo umesimama na dakika zinakwenda. Kama hapumui mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka apate kupumua au msaada ufike, na mwingine atafute boti au gari huku mnaendelea. Wakiwa wamepigwa wengi anza na yule aliyenyamaza kimya, anaelia na kujigaragaza huyo anapumua. Na msimfukie mchangani wala kummwagia maji, nimeona hayo yakifanywa na yanapoteza muda tu.

Ngomeni_Boy

Wakuu nina app ya Windy, hapa Ngomeni inaonyesha jua na kawingu kadogo wiki nzima. Sasa nani mkweli, app au Idara? Pia kuna ujumbe unazunguka kwamba kuna kimbunga kinakuja Malindi.

NahodhaMkanda

Kaka nami naitumia hio app, ni nzuri kwa upepo wa msimu na mawimbi. Lakini ujue ndani yake ni nini, ni hesabu ya kompyuta inayoigawa dunia vyumba vyumba, ile modeli nzuri ya Ulaya kila chumba ni kama kilomita 9, sasa wingu la radi la kilomita 3 au 4 linazama ndani ya chumba kimoja, haliwezi kulionyesha liko Ngomeni au Gongoni. Kale kapicha ka jua ni wastani wa siku nzima. Mtabiri wa Idara anaangalia hizo modeli, anaangalia setilaiti na vipimo vya vituo, kikiwemo cha Malindi na cha Lamu, ndio anaandika. Siku kama hizi app itumie kwa upepo na mawimbi, na kwa radi fuata taarifa na macho yako mwenyewe.

Kuhusu kimbunga, hakuna taarifa yoyote ya Idara inayosema hivyo na ule ujumbe hauna tarehe wala jina, msiusambaze. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi vinafuatiliwa na kituo cha Réunion na kila kimoja kinapewa jina, ujumbe usio na jina la kimbunga utilieni shaka. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia kukisokota na karibu na ikweta nguvu hio ni ndogo, Malindi iko nyuzi 3 kusini na sisi Amu nyuzi 2, ndio maana ni nadra sana. Lakini nadra si kusema haiwezekani. Mei 2024 Hidaya ilipiga kisiwa cha Mafia Tanzania, na mwezi huo huo ikaja Ialy ikapanda juu kuelekea pwani yetu, ikadhoofika lakini upepo wake tuliuona sote. Idara walitoa tahadhari zote mbili kwa majina. Kikija tutaambiwa hivyo hivyo.

MzeeWaKiwandeo

Vijana nimewasoma nyote na nimefurahi. Sisi zamani hatukuwa na hayo ya simu, tulihesabu miongo tangu Nairuzi (mwaka mpya wa Waswahili), siku kumi kumi, na nahodha akijua yuko mwongo wa ngapi ajua upepo upi watarajiwa na chombo kikae wapi. Mwongo wa tanga mbili majahazi yalikuwa hayaondoki kwa pupa. Lakini la kuongeza nina moja, mumesahau mai (maji kupwa na kujaa). Hizi ni siku za kuelekea bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Mai yakitoka kwa nguvu kwenye mlango wa Shela na upepo ukaingia kinyume chake, wimbi lasimama wima fupi fupi, chombo hakipandi, chachotwa. Upepo huo huo kwenye mai mafu, siku za maji madogo, wapita salama. Yeo mutazame na mwezi, si wingu peke yake.

NahodhaMkanda

Shikamoo mzee wangu, Mungu akuweke. Umenena lenyewe. Wenye boti za fibre tunaamini injini sana, na pale mlangoni maji yakitoka na upepo ukiingia hata injini ya 75 haina kazi, utapunguza mwendo tu na maji yaingie kwa mbele. Na kwa mji wetu pia, mvua ya usiku ikikutana na maji kujaa ya bamvua, mitaro haina pa kumwaga, Langoni chini na kando ya forodhani mtainua magodoro na magunia.

UmmuNasra_Pate

Assalam aleikum kapteni. Sisi tuna harusi Siyu Jumamosi, tunatoka Amu kama wanawake thelathini na watoto na masufuria, boti mbili. Wenyewe wanataka tuondoke Ijumaa baada ya Asri ili tufike Magharibi. Unasemaje, maana nimesoma hapa mpaka tumbo linaniuma.

NahodhaMkanda

Waaleikum salaam dada, na hongera kwa harusi. Ijumaa baada ya Asri msiondoke, hio ndio saa mbaya kuliko zote kwa taarifa ya wiki hii, mtakuwa kwenye ghuba jioni mawingu yakiwa yamekomaa na giza linaingia. Ondokeni Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu muwe mumekaa kwenye boti, saa mbili muwe Mtangawanda, halafu mchukue gari mpaka Siyu mkiwa na siku nzima. Kama kuna wanaofanya kazi Ijumaa hao waje Jumamosi alfajiri, kama hakuna ngurumo.

Thelathini na watoto na masufuria boti mbili hazitoshi, chukueni tatu, gawaneni ile pesa ya ziada. Masufuria na magunia ya mchele yakae chini katikati sio mbele. Kila mtoto akae na mtu mzima mmoja anaemjua, jaketi ifungwe kabla boti haijatoka gatini, na mumwambie nahodha mbele ya watu wote kwamba akiona mstari mweusi kwenye maji arudi Mkanda na hakuna atakaemlaumu, maana manahodha wengi wanavuka kwa kuogopa maneno ya abiria. Andikeni majina ya wote kwenye karatasi muwaachie watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) pale gatini na namba ya mtu wa Siyu anaewapokea.

UmmuNasra_Pate

Shukran sana. Nishawapigia, tumekubaliana Ijumaa asubuhi na boti ya tatu imepatikana. Ikinyesha tukiwa njiani masanduku ya nguo tufunike na nini?

NahodhaMkanda

Turubai la plastiki, na mulifunge kamba kwenye mbao za ndani ya boti. Lisikaliwe na mtu na lisiachwe wazi pembeni, upepo ukiingia chini yake litapanda. Ijumaa alfajiri nitaandika hapa hapa hali ilivyo gatini kabla hamjatoka nyumbani, na wa Mambrui utuambie mto umefika wapi.